Marahaba Kabla ya Shikamoo

Katika makala na tungo tunazoandikiana sisi wapenzi wa Kiswahili, yupo mshtakiwa mmoja ambaye hafiki barazani kujitetea. Naye ni mtoto wa ndugu yetu aliyezaliwa London, Toronto, Dubai au Maskati, ambaye, kama tunavyopenda kusema, ameitupa lugha ya wazee wake. Tumemwita mtumwa wa lugha za watu, tumemwita mkosa asili, tumemfananisha na mti uliong'oka mizizi hadi tashibihi yenyewe imechoka. Mimi nami nimo katika kundi hilo. Mwaka 2022, ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, nilitunga beti kumi na mbili za kumlaumu mtoto huyo, nikazighani mbele ya hadhara, nikapigiwa makofi.

Leo nataka kuzifuta beti zile. Mizani yake ni kamili na vina havina ila. Lakini mwaka huu nimekwenda kumwona mshtakiwa nyumbani kwake, nimekaa naye wiki tatu chini ya paa moja, na nimerudi nikijua kwamba katika kesi hii nilikuwa nimekaa kwenye kiti kisicho changu.

Safari yangu ilikuwa ya kwenda kumtazama mama yangu mdogo, ndugu yake mama kwa baba na mama, ambaye ndiye wa mwisho aliyebaki katika tumbo lile. Alizaliwa Ng'ambo, yaani Ng'ambo ya mji wa Unguja, upande wa pili wa daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari pale Darajani kabla haujafukiwa. Sasa watu wetu wakiulizwa yuko wapi hujibu kwamba yuko ng'ambo, na huyo mwenyewe zamani alikuwa akicheka kwamba ametoka Ng'ambo akaenda ng'ambo, basi hajapata kukaa upande wa huku hata siku moja. Aliondoka baada ya mwaka 1964 akiwa na mtoto mgongoni, akakaa Dar es Salaam miaka kadhaa, na mwaka 1974 akamfuata mumewe Maskati. Wakati huo Sultani Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alikuwa amewafungulia mlango Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi, na waliotoka Afrika Mashariki waliitika kwa wingi, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamesoma. Mengine ya historia ile, tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja hadi dola ile ilipogawanywa mwaka 1861, na machungu yaliyofuata baadaye, yana wenyewe wa kuyaandika. Mimi nataka kuzungumzia nyumba moja tu, na neno moja.

Nyumba yenyewe iko Seeb, si mbali na pwani. Ni nyumba nyeupe yenye ua wa saruji, mdalasini ukinukia jikoni na ubani sebuleni. Anaishi humo mama mdogo, mjukuu wake wa kiume ambaye sasa ana umri wa miaka thelathini na ushei, mke wa mjukuu huyo, binti yao wa miaka sita, na msichana wa kazi aliyetoka Singida. Mwanangu huyu (nitaeleza hapa chini kwa nini namwita mwanangu) alifiwa na baba yake, ndugu yangu, miaka michache iliyopita. Mama yake ni mtu wa bara ya Omani, hajui Kiswahili. Shangazi yake yupo Uingereza. Kwa hiyo mzigo wa kumlea bibi umemwangukia yeye, na anaubeba kwa namna ambayo wengi wetu tulio karibu na wazee wetu tungeiona haya kuitazama.

Mama mdogo amesahau. Sitatumia neno la daktari, maana si kazi yangu. Ila ameanza kusahau tangu mwisho kurudi mwanzo, kama mtu anayefumua mkeka. Kwanza walitoka majirani wa karibuni, kisha majina ya vitukuu, kisha, na hili ndilo lililoishtua nyumba, kikatoka Kiarabu. Alikijifunza akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, akakizungumza miaka hamsini sokoni, hospitalini na kwa wakwe, nacho kikamwacha ndani ya mwaka mmoja. Kilichobaki ni Kiswahili cha Ng'ambo ya miaka ya hamsini, safi kama kilivyotoka kwa fundi. Gari kwake ni motokaa. Saa zake ni za Kiswahili, basi akimwambia mjukuu "nipe dawa saa mbili", kijana huja na dawa mchana wa saa nane, maana kwake yeye hiyo ndiyo saa mbili, na bibi ameshakasirika tangu asubuhi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Miezi minne kabla ya safari yangu, mama mdogo alipata homa. Usiku akawa anataka kitu anachokiita "bilauri". Akiletewa maji katika chupa ya plastiki anaisukuma. Akiletewa katika kikombe chenye kifuniko na mrija, wanachotumia ili asijimwagie, anageuza uso. "Bilauri yangu iko wapi? Nataka bilauri." Msichana wa Singida hajapata kulisikia neno hilo, kwao ni glasi. Mjukuu naye halijui. Wakadhani ni jina la mtu. Kijana akaanza kuuliza katika ukoo: nani Bilauri? Ni mtu wa mtaani kwao Unguja? Ni dada yake aliyekufa? Akampigia shangazi yake Uingereza, simu ikalia bila ya kupokewa, ilikuwa usiku wa manane. Siku ya pili ikapita bibi akinywa matone kwa kijiko. Siku ya tatu akaja kumjulia hali mzee mmoja wa kike, mzaliwa wa Mkokotoni, akasikia, akainuka kimya kimya hadi jikoni, akarudi na glasi ya kioo iliyojaa maji. Mama mdogo akaishika kwa mikono miwili akainywa yote.

Walionihadithia kisa hiki walikuwa wakicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Na kijana akaongeza jambo ambalo kila msomaji wa ukumbi huu atalifurahia: kwamba alipojua maana, alijipiga kofi la paji la uso, kwani Waarabu nao wana neno *billawr*, yaani kioo safi king'aacho, na lake na la bibi yake ni neno moja. Lilisafiri likaja kwetu, likakaa kwenye makabati ya bibi zetu miaka na miaka, kisha likarudi Maskati, na mwenyeji asilitambue.

Nilicheka nami. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ileile ya ualimu niliyostaafu nayo: "Mwanangu, kwa nini hukunipigia mimi? Hata usiku wa manane mimi ningepokea. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na nne."

Akatazama chini. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa: "Nilitaka, baba mkubwa. Niliogopa utanicheka."

Ilinichukua muda kukumbuka. Mwaka 2005 nilimwoza binti yangu, na ndugu yangu akaja harusini na mwanawe huyu, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza kijana aliletwa barazani kuwaamkia wazee. Alikuja kwangu, akainamisha kichwa kwa adabu, akanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya wazi: "Marahaba, baba mkubwa." Baraza zima likaangua kicheko. Mimi, badala ya kulipokea lile neno na kumbusu kichwani, nikamsimamisha pale pale kama nilivyokuwa nikiwasimamisha wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza. Nikamwambia: sema shikamoo. Akasema. Tena. Akasema. Tena, kwa sauti. Akasema, macho yamejaa. Nikamweleza na maana, kwamba wengi hulifasiri neno hilo kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, na kwamba marahaba ni haki ya mkubwa na haisemwi na mtoto. Nilijiona nimetoa somo zuri. Watu wakanisifu: mwalimu ni mwalimu.

Kumbe wiki ile yote ya harusi hakusema tena Kiswahili. Alipoulizwa alijibu kwa kichwa. Waliporudi kwao, baba yake akizungumza naye kwa Kiswahili yeye alijibu kwa Kiarabu, na baba, mtu mwenye kazi nyingi, akaona ni usumbufu, akafuata lugha ya mtoto. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyotoka katika nyumba ile. Hakikutolewa na serikali wala na skuli wala na runinga. Mlango nilifungua mimi kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa kanzu nyeupe ya harusi.

Na kosa lenyewe la kijana lilitoka wapi? Nimelipata jibu lake safari hii, kwa kumwuliza tu, jambo ambalo ningeweza kulifanya miaka ishirini iliyopita. Kila Ijumaa baada ya sala, bibi yake alikuwa akipokea simu kutoka Unguja. Kijana alikuwa akikaa miguuni pake. Upande wa pili wa simu, watoto na wajukuu wa ukoo mzima walipanga foleni kumwamkia, lakini kijana hakuwasikia. Alichokisikia ni bibi tu: "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akafahamu, na alikuwa na haki ya kufahamu hivyo, kwamba mtu wa Unguja akizungumza na mwenziwe huanza kwa kusema marahaba. Alikuja harusini na zawadi aliyoiokota mwenyewe, bila ya mwalimu, kwa sikio lake. Alikuwa amesikia nusu ya lugha, na nusu hiyo aliishika barabara.

Wanamalenga wenzangu watanielewa nikisema kwamba tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni nusu zipi nyingine tunazowapelekea. Tunawapigia simu na kuzungumza na wazee wenzetu, mtoto yuko pembeni. Tukimpa mtoto simu tunamwuliza "hujambo", akishajibu "sijambo" tunasema "haya mpe baba". Tunawapelekea picha za video za harusi, za chakula na za maziko. Kisha tunakaa na kutunga ngonjera za kuwalaumu kwa kutojua lugha ambayo hatujapata kukaa robo saa tukizungumza nao.

Nirudi kwenye hili la mwanangu, kwa kuwa nimeahidi. Kijana huyu ni mtoto wa mtoto wa ndugu yake mama yangu. Kwetu sisi hakuna hesabu ndefu hapo: mama mdogo ni mama, mwanawe ni ndugu yangu, na mtoto wa ndugu yangu mdogo ni mwanangu nami ni baba yake mkubwa. Alinitambulisha kwa wafanyakazi wenziwe kwa kusema "ammi", nami nikanuna kidogo, nikiona nimeshushwa daraja kutoka baba hadi ami. Jioni tukalizungumza. Kwa kipimo cha Kiarabu mimi wala si ami yake wa haki, kwani ami ni ndugu wa baba kwa upande wa babu. Aliniita hivyo kwa heshima tu. Waarabu wana majina manne yaliyopambanuka: ndugu wa kiume wa baba, ndugu wa kike wa baba, ndugu wa kiume wa mama na ndugu wa kike wa mama, kila mmoja na lake. Sisi tumeyaazima mawili, ami na halati, lakini chini yake msingi wetu ni mwingine: shangazi na mjomba ndio wenye majina ya pekee, na waliobaki wote ni baba na mama, wakubwa na wadogo.

Kijana alinyamaza akilifikiria, kisha akauliza: "Kwa hiyo baba yangu amekufa, lakini kwa Kiswahili nina baba?"

Nikamwambia ndiyo.

Sijui kama katika maisha yangu ya ualimu nilipata kufundisha somo la jamaa kwa uzito wa namna ile. Kitabuni lilikuwa ni orodha ya maneno, nasi tulilitungia maswali ya kujaza mapengo. Na kabla msomaji hajaanza kumhurumia kijana wa Maskati kwa kutolijua, nimkumbushe kwamba wajukuu zangu mwenyewe, waliozaliwa na kukulia Dar es Salaam na wanaozungumza Kiswahili toka alfajiri hadi usiku, hawana mjomba, hawana ami, hawana mama mkubwa. Wana anko na anti. Mkaza mjomba ni anti, wifi wa mama yao ni anti, jirani wa ghorofa ya juu ni anti, na mwalimu wa chekechea ni anti. Yule wa ng'ambo, kwa Kiarabu chake, angali anajua nani wa kuumeni na nani wa kukeni. Hawa wangu wamepoteza ramani nzima huku wakiwa nyumbani, na sijasikia mshairi aliyewatungia beti.

Lipo jingine la kuwafikirisha walinzi wa Kiswahili sanifu. Nimetaja msichana wa Singida. Ni mmoja kati ya wanawake wengi wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kiswahili si lugha yake ya kwanza, alijifunza skulini, au shuleni kama anavyosema yeye. Huweka -ga mwishoni mwa kila kitendo cha mazoea: bibi anapendaga chai, bibi analalaga mapema. Siku ya kwanza nilipomsikia, mkono wangu ulitafuta kalamu nyekundu mfukoni. Siku ya nne nilimsikia mama mdogo, mwana wa Ng'ambo, bingwa wa mafumbo katika vikundi vya taarabu vya ujana wake, akisema kwa utulivu kabisa: "Mie silalagi mchana." Nusura kahawa inipalie.

Lakini nilikaa nikatazama. Ni nani anayezungumza na mama mdogo kutwa? Msichana huyu. Ni nani aliyemrudishia mjukuu ulimi? Msichana huyu, maana kwa miaka mitatu sasa wamekuwa wakisaidiana kumgeuza bibi, kumwosha na kumlisha, na kazi hiyo haiwezekani bila ya maneno. Mshike hapa. Mwinue. Taratibu. Amechoka. Kijana akikosea, msichana hacheki, labda kwa kuwa naye amekosolewa sana katika Kiarabu chake na anajua uchungu wake. Kiswahili kilichozikwa na mwalimu mwenye cheti cha Chuo cha Ualimu kimefufuliwa na binti aliyeishia darasa la saba, na kimefufuka na -ga yake. Tukiandika historia ya lugha yetu katika Ghuba, tutawataja masultani, mabaharia na washairi. Sidhani kama tutamtaja yeye.

Tena ana mtoto wake, binti wa miaka saba, anayelelewa na mama yake mzazi huko Singida. Kila jioni, tofauti ya saa ikiwa ni moja tu, humpigia simu akiwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilimsikia akisema tu: "Umekula? Eh. Umesoma? Eh. Haya, lala mwanangu."

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mzee amelegea. Kwamba lugha isiyo na mlinzi huharibika. Kwamba tukiruhusu "silalagi" leo, kesho tutapokea "mtoto yangu" na keshokutwa hatutakuwa na ngeli. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimeila mkate wake miaka thelathini na nne. Darasani nilisahihisha, na sijuti. Mwanafunzi aliyekuja kwangu kujifunza alitaka kusahihishwa, na mtunzi anayeleta shairi lenye mizani pungufu anastahili kuambiwa. Lakini baraza ya harusi si darasa, na mtoto aliyetoka mbali kuja kuwaamkia wazee hakuleta insha. Alileta salamu, na salamu dawa yake ni kuitikiwa. Tungekuwa na busara kidogo pale barazani, ningemwitikia hivyo hivyo, kisha wenziwe wa rika lake wangenijia mbele yake mmoja mmoja na shikamoo zao, naye angesikia nusu iliyobaki. Kesho yake angeisema mwenyewe.

Nimejaribu dawa hiyo kwa yule mdogo, binti wa miaka sita. Niliona kwamba kumfundisha maneno ni kumrudisha katika yaleyale, basi nikaingia kwa mlango wa vitendawili, ambao uzuri wake ni kwamba hauendi mpaka pawe na watu wawili. Nikisema "kitendawili" lazima mtu aseme "tega". Jioni ya kwanza msichana wa Singida ndiye aliyekuwa akiitikia, na mama mdogo kutoka kitandani, kwa sauti iliyotushangaza sote. Jioni ya tatu mtoto alisema "tega" kabla yao. Nikamtegea ule wa nyumba isiyo na mlango, akashindwa. Nikamwambia, kwa desturi, nipe mji. Mtoto hajui Makunduchi wala Chake Chake wala Mombasa. Akafikiri, akamtazama yaya wake, akasema: "Singida."

Nikaupokea mji. Nikajisifu nao kama inavyotakiwa, kwamba nimekwenda Singida, nimekula kuku wa Singida na alizeti zake nimezikamua mafuta, msichana akicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikatoa jibu, ni yai, na mtoto akalirudia, yai, yai, akaenda kulitafuta jikoni.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimtungia mwanangu ubeti mmoja. Nauandika hapa, si kwa ubora wake:

Sema usifanye siri, kukosea si dhihaka,
Nilikucheka si heri, moyo ukafadhaika,
Leo nakuja kukiri, mwanafunzi nageuka,
Maji yamo bilauri, bibi kiu yamtoka.

Nilimsomea pole pole, nikitaraji kwamba maneno mazito yatamshinda na mepesi atayapata. Ikawa kinyume chake. Siri, heri, kukiri, dhihaka na kufadhaika aliyang'amua mara moja, kila moja akalifuata hadi shina lake la Kiarabu. Kilichomshinda ni "kiu". Ikabidi tumtafutie, nikashika koo, msichana akashika bilauri, akaelewa. Tangu hapo nimelitazama upya lile pambo letu la tungo. Tunaojaza beti zetu maneno ya kamusi tukidhani tunawafungia nje wasiojua, tumewafungulia hawa wa Maskati lango kuu. Wanachokikosa ni lugha ya jikoni, ya kitandani, ya mwili unaouma na unaotaka maji, na hiyo haimo katika diwani zetu kwa wingi kama nilivyodhani. Nimezipekua zangu tangu niliporudi. Katika beti zaidi ya mia tatu, kiu imo mara nne, na mara zote nne ni kiu ya mapenzi.

Kijana sasa ananitumia ujumbe wa sauti karibu kila siku. Sarufi yake inayumba, ngeli ya LI na ya KI anazikoroga katika sungura moja, na -ga ipo tele. Simsahihishi. Nikimjibu hulirudia neno lake katika sentensi yangu kama linavyotakiwa, akilipenda atalichukua. Wiki iliyopita alisema: "Baba mkubwa, bibi anaulizaga makumbi yake. Anasema maji yatakuja kuchukua. Makumbi ni dawa?"

Nilikaa na simu mkononi. Mama mdogo, aliyelelewa mjini, alikuwa akipelekwa likizo kwa bibi yake shamba, na huko wanawake hufukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani, wakayachimbua baada ya miezi yakiwa yamelainika, wakayaponda kwa magongo hadi usumba utoke, wakausokota kamba. Ukiyafukia mahali pasipo pazuri, bamvua huyachukua. Nikamweleza yote, kwa sauti, dakika sita nzima. Nikamwambia amjibu bibi kwamba makumbi yako salama, yamewekewa mawe juu.

Baadaye usiku akaniletea jibu. Alikuwa amemwambia, na bibi akamwuliza ni mawe mangapi.